Mwaka Nilioruka Uzito wa Rehema

Mwezi uliopita niliitwa kukaa meza ya wageni kwenye mashindano ya ngumi ya wasichana hapa Mtwara mjini, katika ukumbi ambao zamani tulikuwa tunaufagia wenyewe kabla ya kupigana. Nilipofika, kiti cha pembeni yangu kilikuwa tayari na mtu, mwanamke mpana aliyevaa miwani na mtandio wa rangi ya machungwa, anatafuna karanga. Sikumtambua kwa sura. Nilimtambua kwa vidole, vile vifundo vilivyotutumka vya mkono wa kulia. Alikuwa Rehema wa Tanga. Enzi zetu alishika mkanda wa kilo hamsini na mbili, na kwa muda wa mwaka mmoja hakuna jina nililolisikia mara nyingi kuliko lake. Hatukuwahi kupigana. Tulikumbatiana, tukaulizana habari za watoto, yeye watatu, mimi wawili, na kabla kengele ya kwanza haijalia akaniinamia sikioni. "Somoe, miaka yote hii nataka kukuuliza jambo moja, na leo usinidanganye. Wewe ulikuwa bingwa wa kilo hamsini. Mimi nilikuwa ngazi moja tu juu yako. Ukaniruka, ukaenda kwa wale wa hamsini na tatu na nusu. Uliniogopa?" Nilimwambia kweli, kwamba nilimwogopa kidogo kama kila mtu, lakini kilichoniondoa kilikuwa njaa. Alicheka mpaka miwani ikamteleza, akanimiminia karanga kiganjani. Kengele ikalia, wasichana wakaingia ulingoni, na mazungumzo yetu yakakatika hapo. Nilikuwa na mengi zaidi ya kumwambia, nayo ndiyo haya.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa naishi Mtawanya, chumba cha uani nyumbani kwa kocha wangu. Tulimwita Kocha Ambakisye, mtu wa Rungwe, aliyejifunza ngumi jeshini na kuja Mtwara kuendesha kreni bandarini. Alitufundishia katika ghala kuukuu la korosho ambalo mwenyewe alikuwa amelitundikia mabegi mawili ya mchanga, na hata tulipokuwa tumelifagia vizuri, ukiruka kamba dakika tano vumbi la maganda lilikupanda kooni. Mkewe, Mama Tumaini, alikuwa muuguzi. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, msumari wa kutundikia mkanda wangu wa ubingwa, na mizani ya kupimia uzito chini ya kitanda. Dirisha lilitazamana na jiko. Sidhani kama waliponipa chumba kile walifikiria hilo, lakini kwa bondia anayeshusha uzito lilikuwa adhabu. Nilijua kwa pua siku ya kisamvu cha nazi, siku ya samaki wa kukaanga, siku Mama Tumaini alipochemsha ming'oko kwa chumvi, mizizi ile ya porini ambayo sisi watu wa kijiji cha Mahurunga tumekua nayo. Siku hizo nilifunga dirisha na kujifunika shuka kichwani.

Maana mwili wangu, ukiachwa ule kama watu wanavyokula, ulikuwa unataka kilo hamsini na saba na nusu. Ubingwa wangu ulitaka hamsini na robo tatu hivi. Kwa hiyo kila pambano lilinidai karibu kilo saba, na mimi nilizilipa. Asubuhi uji mwepesi usio na sukari, mchana yai moja, jioni nusu chungwa. Wiki ya mwisho nilivaa mifuko ya nailoni ndani ya sweta nikakimbia barabara ya Mikindani jua la saa saba, na nikirudi natemea mate kwenye kopo ili nipungue zaidi. Leo nikiwaona wasichana ninaowafundisha wakitema mate kwenye kopo, nalichukua na kulimwaga mbele yao. Lakini wakati ule hakuna aliyeniona mgonjwa. Waliniona nina nidhamu. Vijana wa ghalani walikuwa wakisema, "Somoe ana roho ya chuma," na mimi nilivimba kichwa, maana mwili ndio haukuwa na cha kuvimbia.

Mwaka ninaousimulia ulianza na pambano la kutetea mkanda, hapa hapa Mtwara, dhidi ya binti wa Iringa. Siku ya kupima nilipanda mizani mara tatu. Mara ya kwanza nimezidi. Nikaenda kuruka kamba saa nzima, nikarudi, bado. Mara ya tatu Mama Tumaini alinikingia kanga mbele ya wanaume, nikavua kila kitu, mizani ikakubali. Kesho yake mchana nikashinda kwa pointi. Watu walishangilia, na picha zilizopigwa zipo mpaka leo, lakini mimi kuanzia raundi ya tano sikumbuki kitu isipokuwa miguu ambayo haikuwa yangu na sauti ya kocha ikitokea mbali kama redio ya jirani. Asubuhi iliyofuata nilianguka bafuni. Mama Tumaini alinikuta nimelala kwenye saruji, akaniburuta mpaka kitandani, akaninywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Nilipoanza kuona vizuri alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, bado na sare zake nyeupe za kazini.

"Somoe, mara ya mwisho kuingia mwezini ni lini?"

"Sikumbuki, mama."

"Jaribu."

"Kabla ya Ramadhani."

"Ramadhani ya mwaka huu, au ya mwaka jana?"

Niligeukia ukutani. Akainuka akatoa mizani chini ya kitanda, akaondoka nayo.

Daktari ambaye Mama Tumaini alinipeleka kwake alikuwa mtu mpole, asiyejua lolote kuhusu ngumi, na labda ndiyo maana alisema mambo yalivyo. Alisema mwili ukikosa chakula unaanza kufunga milango ya vyumba ambavyo unaona unaweza kuishi bila kuvitumia, na chumba cha uzazi ndicho hufungwa mapema. Alisema mifupa yangu nayo ilikuwa inaliwa polepole. Nikamuuliza kama nitazaa. Akasema, "Kula kwanza, dada. Tutajua." Nilitoka pale nikiwa na hasira naye. Nilitaka aseme ndiyo au hapana, na yeye amenipa kazi ya kufanya.

Wiki hiyo hiyo promota mmoja wa Dar es Salaam akapiga simu. Rehema wa Tanga yuko tayari, pambano baada ya miezi minne, kilo hamsini na mbili. Kocha alifurahi, alipita uani anapiga mluzi. Kwa hesabu za mchezo wetu ilikuwa bahati kubwa. Uzito wa Rehema ndio uliofuata juu ya wangu, na kati yetu hapakuwa hata kilo moja na nusu. Nikimpiga, ningekuwa mwanamke wa kwanza wa kusini kushika mikanda ya uzito wa aina mbili. Na mimi nilimtaka Rehema. Nilikuwa nimekata picha yake gazetini na kuibandika ndani ya mlango. Jioni hiyo nikiwa nimelala, dirisha liko wazi, nikawasikia jikoni.

"Tatizo limekwisha," kocha alikuwa anasema. "Anapanda uzito. Si ndivyo daktari alivyotaka?"

"Anapanda kilo moja na nusu," Mama Tumaini alijibu. "Mtoto anapungukiwa kilo saba, wewe unampa moja na nusu, halafu unataka akushukuru. Kama ni kupanda, apande mpaka kule hamsini na tatu na nusu."

"Kule watamvunja, mke wangu. Hujawaona wale. Wale wana mabega. Kuna yule Mwajuma wa Morogoro, anapiga kama mwanamume. Mimi nikimpeleka Somoe kule akatolewa na machela, nitawaambia nini watu wa Mahurunga?"

"Na hapa chini nani anamvunja? Ni wewe na mimi. Mimi ndiye niliyemkingia kanga."

Niliinuka nikaingia jikoni. Nilisema, kwa sauti ambayo leo naionea haya mbele ya mwanamke aliyeniuguza, kwamba mwili ni wangu na kwamba namtaka Rehema. Mama Tumaini hakukasirika. Alichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokuwa mezani, akanishikisha. "Shika. Huu ndio uzito unaoongezewa ukienda kwa Rehema. Siku ya kupima unaruhusiwa kunywa chupa hii, moja. Ukiimaliza umerudi kule kule kwenye mifuko ya nailoni na kopo la mate. Mama, mimi si mtu wa ngumi. Lakini hiki unachokiita kupanda, mimi nakiona ni kusogea kwenye mkeka ule ule." Nilisimama na chupa mikononi kama mjinga. Kocha alitazama sakafu. Tukala ugali, nami nikala, nadhani kwa mara ya kwanza, bila kuhesabu matonge.

Ambacho sikukitegemea ni kwamba kocha ndiye aliyekuja kunimalizia hoja. Kwa wiki mbili alinipima kila asubuhi huku nakula nipendavyo, na uzito ukapanda, ukasimama pale pale hamsini na saba na nusu. Kisha akaniita ghalani tukiwa wawili, tukakaa juu ya magunia. Alisema ameumia kichwa na jambo hili na amekosea. Kutoka hapa mpaka kwa Rehema ni kilo tano na nusu, na hizo haziondoki bila kujinyima maji, kwa hiyo nitafika kwake mkavu kama nilivyofika kwa binti wa Iringa. Na Rehema alikuwa na tabia moja aliyoiona katika mapambano yake yote. Hakuwa na haraka. Alimsubiri mpinzani achoke, halafu kuanzia raundi ya saba anamla. "Utakuwa umempelekea kile hasa anachokitaka," alisema. "Na akikupiga huna pa kwenda. Chini huwezi kurudi, utakufa. Juu utapanda ukiwa umeshindwa, na hakuna atakayekupokea. Lakini kwenda kule kwa wakubwa ni kilo nne. Nne naweza kuzitoa kwa mbio na kupunguza chumvi. Utakuwa mdogo ulingoni, sikufichi. Watakuumiza. Ila utakuwa na damu mwilini." Kisha akasema jambo ambalo makocha wachache huweza kulisema. "Naogopa, Somoe. Lakini kuogopa kwangu kusiwe sababu ya wewe kukauka."

Basi akapiga simu Dar akakataa. Nilikunja mkanda wangu ndani ya taulo, nikautia kwenye mfuko, nikaurudisha kwa wenyewe, chama cha ngumi, ili wengine waugombee. Ukutani ulibaki msumari. Maneno hayakuchelewa. Sokoni, kwenye vijiwe vya kahawa, hata redioni, kila mtu alikuwa na jibu: Somoe anamkimbia Mtanga. Mwuza samaki mmoja alikuwa akiniona anaigiza mtu anayeruka dimbwi, wenzake wanaangua kicheko. Iliniuma kuliko ngumi yoyote. Sikuwa na jinsi ya kusimama sokoni na kuwaeleza wanaume habari za hedhi yangu. Mwezi uliopita pale mezani, kati ya pambano la pili na la tatu, Rehema aliniambia jambo ambalo ningetamani kulijua siku zile. Yeye naye alikuwa anakausha kilo sita kwa ajili ya uzito ule, na mwaka mmoja baadaye figo zilimsumbua akaacha. "Ungekuja," alisema, "wangeona mifupa miwili inagongana, wakapiga makofi." Nilimshika mkono chini ya meza. Sisi wawili tulikuwa tumetazamana kwa mbali mwaka mzima, kila mmoja akidhani mwenzake ana nguvu.

Ili niwe mbali na maneno, kocha alinipeleka Msimbati, kule Mnazi Bay, kwa mama yangu mdogo, Bi Fatu. Yeye alikuwa mkulima wa muhogo na korosho, mwembamba, mwenye chale za Kimakonde usoni, na hakuona ajabu yoyote katika mwanamke kupigana, maana alisema amewahi kuishi na waume watatu. Asubuhi nilikimbia kwenye mchanga laini hadi mapaja yakawaka, mchana nilibeba magunia ya makopa, muhogo mkavu, na Jumamosi kocha alikuja na vijana wawili wazito kunipiga na kupigwa. Hayo yalikuwa rahisi. Kilichonishinda ni sahani. Nilikuwa nimejifunza kwa miaka mitatu kwamba chakula ni adui, na mwili haukuamini habari mpya. Siku za kwanza nilikula matonge mawili nikasukuma sahani. Siku moja nilikwenda nyuma ya nyumba kujitapisha, nikamkuta Bi Fatu amesimama pale na kata ya maji. Hakunigombeza. "Nawa mdomo, ntoto wangu, turudi," alisema. "Ugali wa nhogo haujawahi kumpiga ntu." Tukarudi. Alikaa mbele yangu, akala tonge nami nikala tonge, akala nami nikala, kama anavyofundishwa mtoto. Tulifanya hivyo mwezi mzima. Pweza wa nazi, kunde, samaki wa kuchoma, korosho alizozikaanga mwenyewe uani na kunipa zikiwa bado zinaunguza. Taratibu niliona mabadiliko ambayo sikuyategemea. Nilianza kulala. Nilianza kukasirika kama mtu mzima na kucheka kama mtu mzima. Siku moja nilimpiga mmoja wa wale vijana ngumi ya tumbo akapiga goti, akanitazama kwa mshangao, nami nikaitazama ngumi yangu.

Mabibo, matunda ya mkorosho, yalikuwa yameanza kuiva, uwanja mzima unanukia, asubuhi nilipotoka chooni nikiwa nimeona damu. Nilimnong'oneza Bi Fatu. Alitupa ufagio chini akapiga vigelegele vitatu vikali, majirani wakatoka nje kuuliza kuna harusi ya nani. "Ntoto wetu kavunja ungo!" aliwaambia. Mwanamke wa miaka ishirini na minne! Nilitaka ardhi inimeze. Lakini wale kina mama walielewa haraka kuliko nilivyodhani, maana kumbe Bi Fatu alikuwa amewaeleza siku nyingi, wakaja wakanizunguka wakiimba nyimbo za unyago zisizoandikika hapa, mmoja anapiga debe, mimi katikati nalia na kucheka. Nilimpigia simu Mama Tumaini. Nikasikia anavuta kamasi, halafu akasema kwa sauti ya kazini, "Vizuri. Uandike tarehe."

Pambano lilipatikana. Ni yule yule Mwajuma wa Morogoro, bingwa wa hamsini na tatu na nusu, na alikubali kuja Mtwara kwa sababu, kama tulivyosikia baadaye, aliambiwa atakutana na kitoto cha kilo hamsini. Siku ya kupima nilikuwa nimekula yai na kunywa chai. Nilipanda mizani mara moja, nikashuka. Kesho yake alasiri ukumbi ulijaa, na mwuza samaki wangu alikuwa mstari wa mbele. Kocha alisema kweli: Mwajuma alikuwa na mabega. Ngumi yake ya kwanza niliizuia kwa mkono na mkono ukafa ganzi. Raundi ya tatu aliniangusha. Nikiwa chini nilimwona kocha kwenye kona, taulo mkononi, amelikunja tayari kulirusha, na Mama Tumaini nyuma yake amemshika kiwiko. Niliinuka mwamuzi akiwa amefika saba. Raundi ya nne na ya tano zilikuwa zake. Ya sita nilianza kumwona vizuri, jinsi alivyokuwa anashusha mkono wa kushoto kila anapopumua. Na katika ya saba, raundi ambayo katika maisha yangu yote ya ngumi nilikuwa naingia nikiwa nusu maiti, nilitafuta miguu yangu nikaikuta. Ilikuwepo. Sijui nieleze vipi furaha ile kwa mtu ambaye hajawahi kuipoteza miguu yake. Nilimfuata. Ya nane nikamfuata, ya tisa nikamfuata, ya kumi ukumbi wote ulikuwa wima, na wakati kengele ya mwisho inalia mimi ndiye niliyekuwa naenda mbele.

Majaji walitoa sare. Mkanda ulibaki kwa mwenyewe. Watu wengine walizomea, lakini mimi nilipiga hesabu zangu nikaona ni haki, maana ile raundi ya tatu sikuisahau. Nilimpiga tuliporudiana, mwaka uliofuata, lakini hiyo ni habari nyingine na si nzuri kuliko hii. Tulipokuwa chumba cha kubadilishia, Mwajuma aliingia na barafu amejikandamiza jichoni, akakaa kwenye benchi langu bila kuomba. "Dada," alisema, "walisema umepanda ngazi mbili kwa kumkimbia mtu. Mimi nimepigana na watu wanaokimbia. Wewe si mmoja wao." Kisha akauliza hapa Mtwara watu wanakula wapi.

Tulikwenda wote, jua bado halijazama, kwa mama lishe mmoja jirani na ukumbi, mimi na Mwajuma tukiwa na nyuso kama maboga, kocha, na Mama Tumaini. Taya langu lilikuwa halifunguki vizuri, kwa hiyo Mama Tumaini alinichambulia kuku vipande vidogo, akanilainishia wali kwa mchuzi. Kocha hakugusa chake. Alikuwa ananitazama nikila, macho yamemlowa, na kila nikiinua kichwa anajifanya anatafuta chumvi. Nilimaliza sahani. Mama Tumaini akaniongezea, nikamaliza na hiyo. Alipoinua upawa mara ya tatu niliweka mkono juu ya sahani.

"Nimeshiba, mama," nilimwambia.

Akaurudisha upawa kwenye sufuria, akaanza kula yeye.